Mwaka Nilioishi Ndani ya Kenge

Tangu tumzike Maduhu sijatulia. Naanza kukata sponji ya kochi la mteja, naiacha katikati, natoka hadi barabarani, nasimama, narudi. Mume wangu aliniuliza natafuta nini, nikamwambia sitafuti kitu, akacheka, kwa sababu nilikuwa nimeshika mkasi na nimevaa kiatu mguu mmoja. Si kwamba kifo chenyewe kilinishtua. Maduhu aliugua muda mrefu na Bariadi nzima ilijua. Kilichonivuruga ni yule mwanamke aliyeshuka kwenye bajaji siku ya msiba, akaja moja kwa moja upande wa wapishi, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka wetu na kuanza kuchambua mchele kama mtu wa nyumba ile. Alijifunga kitenge cha kawaida, kichwani mtandio mweusi. Wasichana waliokuwa karibu nami wakanong'onezana, kisha mmoja akaniinamia.

"Shangazi, yule ni nani?"

"Jeni Marashi."

"Ndiye nani?"

"Alikuwa mwimbaji."

"Wa kwaya gani?"

Nilimtazama yule binti, nikakisia umri wake. Kulikuwa na wakati ambapo kila gari lililopita Bariadi lilikuwa na sauti ya Jeni Marashi ndani yake: malori ya pamba, mabasi ya Mwanza, hata baiskeli zenye redio iliyofungwa kwa mpira kwenye usukani. Aliimba juu ya mwanamke anayemsubiri mtu stendi, mabasi yanaingia yote na mtu wake hayumo. Nilikuwa mtoto wa shule wakati huo, na tuliuimba tukienda kuchota maji, tukigombania nani awe yule mwanamke. Halafu wimbo ukaisha kama zinavyoisha nyimbo, na mwenyewe akapotea nao. Sasa alikuwa hapa, anatoa mawe kwenye mchele wa matanga. Aliinua uso, akaniona, akanisogezea sinia. Nikaketi kando yake. Tulikuwa hatujaonana tangu mwaka ule wa kenge.

Mwaka ule mkoa wa Simiyu ulikuwa mpya kabisa. Ofisi zilikuwa zinatafuta majengo, na nyumba za kupanga zilijaa watumishi waliohamishwa kutoka Mbeya, Kilimanjaro na Tanga, wakiuliza maji yanatoka siku gani na nyama nzuri inauzwa wapi. Mji mzima ulikuwa kama mtu anayehama, vitu viko nje na hakuna anayejua kitanda kitawekwa wapi. Mimi nilikuwa fundi wa kushona kwenye karakana ya Mama Pili, nyuma ya soko, chumba kirefu chenye dirisha moja na vyerehani vilivyopangwa kufuata ukuta. Tulishona sare za shule. Kaptula za khaki, sketi za bluu, tena kaptula, tena sketi. Nilikuwa nikinyanyuka kwenda kunywa maji ambayo sikuyataka, narudi, nanyanyuka tena. "Wewe binti una nini?" Mama Pili alikuwa akiniuliza. "Hutulii, kama kuku anayetafuta pa kutagia." Alisema kweli. Nilikuwa nimeshaacha kazi ya duka, nimeshaacha kufundisha chekechea, nimeshaacha kupika kwenye mgahawa Lamadi. Chumba nilichopanga kilikuwa na kitanda, ndoo na sanduku, na kila nilipokosa pa kwenda nilikuwa nakihamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ule, ili nikiamka nione kitu kingine.

Maduhu tulimjua kama mpiga video za harusi. Alikuwa pia na banda la video karibu na stendi, mabenchi ya mbao na pazia jeusi, na humo alionyesha aina moja tu ya filamu aliyoipenda kuliko zote. Zilikuwa filamu za nje za gharama ndogo, zenye mnyama mkubwa kupita kiasi: nge mkubwa kama lori, chura anayemeza daraja. Mbele ya mnyama, daima, alikuwa anakimbia mwimbaji fulani wa huko aliyewahi kuvuma zamani, sasa amenenepa kidogo, amevaa koti la daktari, ananyoosha kidole angani na kupiga kelele. Maduhu alikaa pembeni na kipaza sauti akituambia kwa Kiswahili na Kisukuma wanachosema, na ninaamini sehemu kubwa alikuwa anatunga. Siku moja aliingia karakana na mchoro aliouchora nyuma ya kalenda. Ulikuwa wa kenge aliyesimama kwa miguu miwili, mdomoni ana paa la bati.

"Nataka mtu wa kunishonea huyu," akasema.

Mafundi wote wakacheka. Mimi niliuliza, "Ana urefu gani?"

"Kama kiwanda cha pamba. Lakini wewe utamshona wa kuingiwa na mtu mmoja. Ukubwa ni kazi ya kamera." Akavuta kigoda, akakaa kama mtu aliyekaribishwa. "Sikiliza, Minza. Filamu hizi zinataka vitu viwili. Mnyama mkubwa, na mwimbaji ambaye watu wamemsahau nusu. Wakiwa wamemsahau kabisa, hana faida. Wakiwa wanamkumbuka sana, hatapokea simu yako. Ninaye wa nusu. Amekubali kuja."

Hadithi yake ilikuwa rahisi. Kenge anakunywa dawa ya kuulia wadudu wa pamba iliyomwagwa ovyo, anakua, anatoka mtoni na kuanza kula mji. Bibi shamba mmoja kutoka Dar anamgundua na hakuna anayemwamini. Mama Pili alisikiliza yote akiwa na pini mdomoni, kisha akazitoa na kuniambia mbele ya watu, "Ukienda kushona kenge, cherehani hii atakalia mwingine." Nikachukua mkasi wangu na futi yangu, nikatoka. Nilisikia vicheko hadi kwenye kona ya wauza vitunguu. Sikuwa na ujasiri wowote, ningependa hilo lieleweke. Nilikuwa tu siwezi kukaa.

Kenge nilimtengenezea uani kwa Maduhu. Mwili ulikuwa magodoro ya sponji yaliyochakaa, ngozi ilikuwa magunia tuliyoyapaka rangi ya mafuta ya kijani na kahawia, meno tuliyakata kwenye madumu meupe, macho yalikuwa taa za pikipiki iliyokufa. Mkia ulikuwa mrefu kuliko ua wenyewe, ikabidi ncha yake ipite mlangoni na kulala barabarani, na wapita njia wakajifunza kuuruka. Kando yangu vijana wawili wa Maduhu walikuwa wanajenga Bariadi kwa maboksi ya sabuni: soko, stendi, kanisa, kiwanda cha pamba chenye jina la sabuni ubavuni kwa sababu rangi ilikuwa imeisha. Kuku wa Kabula, mke wa Maduhu, walikuwa wanapita katikati ya mji ule, wakubwa kuliko kanisa, na Maduhu akituita tuwatazame. "Mnaona? Mnaona? Ndivyo itakavyokuwa." Mchana Kabula alitupikia ugali, mlenda na samaki waliotoka ziwani, Nassa, tukala tumezunguka sinia huku kichwa cha kenge kiko kwenye kigoda kinatutazama. Kabula alikuwa akikigeuzia ukutani kabla ya kula. Alisema hawezi kumeza.

Jeni alikuja na basi la Dar. Tulikwenda kumpokea mimi na Maduhu tu. Alishuka na miwani mikubwa myeusi na sanduku la magurudumu, akasimama kwenye vumbi la stendi, akatazama kushoto na kulia.

"Watu wako wapi?" akauliza. Hakuuliza kwa majivuno. Aliuliza kama mtu anayeuliza choo kiko wapi.

"Wako mashambani, dada," Maduhu akamjibu haraka. "Ni msimu wa pamba. Huku pamba ikiiva hata harusi zinasimama."

Hiyo haikuwa kweli, stendi ilikuwa imejaa watu. Lakini nilimpenda Maduhu kwa jibu lile, na nadhani Jeni pia, kwa sababu alivua miwani na kutusalimia vizuri.

Walinipangia chumba kando ya chake kwenye nyumba ya wageni, ili nimsaidie mavazi. Vilikuwa vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa mbao nyembamba, kila kimoja na kitanda, meza, chandarua cha bluu na kioo kilichokatika pembe. Jioni ya kwanza nilikuwa nimekaa kitandani nashona mifuko ya koti lake jeupe la bibi shamba, nikamsikia anaongea na simu. "Mama, niko Bariadi. Bariadi, siyo Burundi. Kuna tamasha. Ndiyo, kubwa. Mpe mwanangu simu." Akabadili sauti. "Haloo, mpenzi. Ee, mama anaimba. Uwanja umejaa, mwanangu. Wanaimba wote." Sindano ilisimama mkononi mwangu. Upande wa pili wa ubao alikuwa amekaa mwanamke peke yake kwenye chumba chenye kitanda na meza, na kulikuwa kimya hivi kwamba nilisikia mtoto akicheka ndani ya simu. Sikutoka chumbani hadi nilipokuwa na hakika amelala, asije akajua kwamba nipo.

Mwanzoni hakula vyakula vyetu. Aliomba chipsi, akapewa, zikawa zimelowa mafuta. Siku moja Kabula akamwekea chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaonja kipande kwa adabu, akaonja cha pili, na kuanzia hapo akawa hatoki bila kujaza mifuko ya koti. Kwenye filamu inaonekana wazi. Bibi shamba anakimbia kuokoa mji na mifuko yake imevimba.

Aliyekuwa amevaa kenge mwanzoni ni Luhende, mchinjaji, mtu wa mabega mapana. Jua lilimshinda. Tulimvuta nje akiwa analegea, tukammwagia maji, na alipopata fahamu alisema, "Mimi nachinja ng'ombe kila siku ya Mungu, lakini humo ndani sirudi." Maduhu alishika kichwa. Nilikuwa mrefu, nilikuwa nimemshona mimi mwenyewe na nilijua kila mahali pake pa kupumulia. Nikaingia. Ndani kulikuwa na harufu ya rangi na jasho la Luhende, na niliona dunia kupitia wavu uliokuwa kooni mwa kenge, ndogo na ya kijani. Kila hatua ilitaka kufikiriwa: inua goti, vuta mkia, geuza kichwa kwa mikono yote miwili. Na nilipokuwa humo, nikivunja stendi ya maboksi kwa kisigino, niligundua kwamba tangu mwaka uanze hiyo ilikuwa mara ya kwanza sitamani kuwa mahali pengine. Nimefikiria sana jambo hilo wiki hii, nikitembea huku na huku na mkasi mkononi. Mtu mzima mwenye watoto, nikimtamani kenge.

Palikuwa na ugomvi mmoja tu, lakini ulirudi kila siku. Maduhu alikuwa ameandika kwamba mwishoni bibi shamba anamtuliza kenge kwa kumwimbia, na wimbo wenyewe ni ule wa stendi. Jeni alikataa. Niliwasikia wakibishana uani, mimi nikiwa nimekaa nusu nje ya kenge nikinywa maji.

"Dada, watu wakiusikia huo tu ndipo watakukumbuka."

"Nitakimbia, Maduhu. Nitalia. Nitaliwa ukitaka, utanitafuna hadi viatu. Kuimba sitaimba."

"Lakini ni wimbo wako."

"Si wangu. Nikiingia harusini wananiomba huo. Nikienda kumwona mgonjwa hospitali, nesi ananiomba huo. Nikishaimba wananipiga picha, wanacheka, wanaondoka. Hakuna anayeniuliza hata nimeamkaje."

Maduhu akaondoka. Baadaye nilimwona anafuta karatasi zake kwa kalamu, akiwa na uso wa mtu aliyefiwa.

Tulikwenda Sola asubuhi, kwa gari la kukodi, kenge amelala nyuma amefunikwa turubai. Maduhu alipataka huko kwa sababu ya mawe. Kuna kilima cha mawe kinachosimama chenyewe katikati ya mashamba, na ukiweka kamera chini kabisa, kitu chochote kilicho juu ya mawe yale kinakuwa kikubwa kama anga. Alikuwa amekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji akaomba ruhusa na kupewa. Ambacho hakukijua ni kwamba habari haikuvuka hadi kitongoji cha upande wa pili. Pamba ilikuwa imeshavunwa na mabua bado yamesimama shambani. Nilipanda juu ya mawe, nikavaa kichwa, nikainua mikono, na Jeni alikuwa chini na koti lake jeupe akinyoosha kidole. Ng'ombe waliokuwa mbali walianza kukimbia. Kisha mama mmoja aliyekuwa anakata kuni upande ule mwingine alitazama juu.

Nilisikia mwano kabla sijaelewa kwamba ni kwa ajili yangu. Ni ule ukelele wa hatari, unaanza kwa mtu mmoja na kuchukuliwa na wa pili, wa tatu, hadi uwanda wote unalia, na ukiusikia huulizi, unachukua ulichonacho na kukimbilia unakotoka. Sungusungu walitokea kwenye mabua kutoka pande mbili, wanaume wenye marungu, mishale na mapanga. Niligeuka nikimbie. Mkia ulikuwa umenasa kati ya mawe. Nikavuta, ukakataa. Maduhu alikuwa anapiga kelele "Ni filamu! Ni filamu!" kwa lugha zote mbili, kamera bado iko begani. Hata mimi nisingemsikiliza mtu anayesema hivyo akiwa kando ya kitu chenye meno kama yale. Mshale mmoja ulipiga jiwe chini ya mguu wangu. Nikawaza, kwa utulivu wa ajabu, kwamba sponji haizuii mshale.

Jeni angeweza kusogea pembeni tu. Hakuna aliyekuwa anamfuata yeye. Badala yake nilimwona kupitia wavu anapanda mawe kwa mikono na magoti, kiatu kimoja kikatoka, akafika mbele yangu, akawageukia, akatanua mikono. Nilidhani atapiga yowe kama alivyofanya kwenye filamu nzima. Akaimba. Aliimba wimbo wa stendi, bila muziki, akihema, kwa sauti nzito kuliko ile ya redio, na mahali pa juu ilimkatika akaendelea hivyo hivyo. Wale wa mbele wakapunguza mwendo. Kijana mmoja akasema kwa nguvu, "Huyu si yule wa redio?" Mwingine akauliza yupi. "Yule wa stendi! Yule anayesubiri mabasi!" Wakaanza kubishana, marungu yako juu, na mmoja wao nilimwona midomo yake inafuata maneno.

Lakini aliyekuwa anawaongoza, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, hakuwa mtu wa redio. Baadaye nilijua anaitwa Mzee Ng'wandu. Alimpita Jeni kama anayepita mti, rungu limeinuliwa, macho yake yako kwangu. Sikuwa na pa kwenda. Nilishika kichwa cha kenge kwa mikono miwili, nikakivua, nikakiweka kando, na kwa sababu mtu niliyemwona mbele yangu alikuwa ni mzee na ilikuwa asubuhi, nilipiga magoti na kumpa salamu ya asubuhi kama nilivyofundishwa tangu mdogo.

"Mwangaluka, baba."

Akasimama. Rungu lilikuwa bado juu. Nilimwona anahangaika na jambo lililo ndani yake, kwa maana kwetu salamu ya mtu aliyepiga magoti haiachwi chini.

"Mwangaluka, mayu," akasema, akiniita mama. Kisha akauliza kama ni salama, kwa kuwa ndivyo inavyoendelea, "Mhola?"

"Mhola, baba."

"Umetoka wapi?"

"Bariadi."

"Nyumbani hawajambo? Ng'ombe wazima?"

"Wazima, baba."

Rungu likashuka taratibu. Akanitazama kuanzia shingoni hadi mkiani. "Na hiki ulichovaa ni nini?"

"Ni kenge, baba."

"Kenge."

"Wa filamu."

Wanaume wakatazamana. Kisha mmoja nyuma akaguna, na kicheko kikapita kati yao kama upepo kwenye mabua. Jeni alishuka kwenda kutafuta kiatu chake.

Walitupeleka nyumbani kwa mzee, wakatukalisha uani, wakatuletea maziwa mgando. Jeni alijimwagia maziwa kwenye koti. Mzee Ng'wandu alimsema Maduhu mbele yetu wote, bila kupandisha sauti. "Wewe ni mtoto wa huku. Unajua hodi. Mwanamke amekimbia na mtoto mgongoni, ameanguka, amejiumiza goti, kwa sababu ya mchezo wako." Maduhu aliinamisha kichwa, akasema amekosa, akaenda mwenyewe kumwomba msamaha yule mama. Hukumu ilikuwa moja: kazi ikiisha, ionyeshwe Sola kabla ya mahali pengine popote. "Tuone," mzee akasema, "mlitufanya nini."

Garini Jeni alikaa dirishani hadi tulipoiona minara ya Bariadi. "Nimeimba," akasema, akitazama nje. Jioni ile, kupitia ubao, nilimsikia tena na simu. "Mama, hakuna tamasha. Nacheza filamu. Ya kenge. Kenge, mama, mnyama... Ee, mkubwa. Mwishoni ananila." Akacheka, akacheka sana, kisha kicheko kikageuka na nikasikia anasema tu, "Najua. Najua, mama. Nitarudi."

"Bado unashona?" Jeni aliniuliza siku ile ya msiba, sinia la mchele likiwa kati yetu.

"Makochi."

"Sponji," akasema.

"Sponji."

Tukajizuia kucheka, maana Kabula alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwetu akiwa mjane. Lakini Kabula alitusikia, akatugeukia na macho yake mekundu, akasema, "Chekeni. Yeye angecheka." Jeni alinieleza kwamba anaishi Tanga, anapika kwenye shughuli za watu, mwanae yule wa kwenye simu ni mama sasa. Filamu haikumrudisha popote. Haikufika mbali kuliko Shinyanga. Maduhu aliiuza stendi na kwenye mabasi, watu wakaicheka, na muda si muda simu zikaja na kila mtu akawa na filamu mfukoni. Mama Pili hakunirudisha. Nilianza na mabaki ya magodoro, nikatengeneza kigoda cha kukalia, mtu akakipenda. Hayo ndiyo yaliyotoka. Nikiyasema hivi yanaonekana madogo, na pengine ndiyo maana situlii, natafuta jinsi ya kuyasema yalingane na ninavyoyaona.

Kwa sababu ninachokiona ni ghala la pamba la Sola, asubuhi, madirisha yamezibwa magunia ili kuwe na giza, jenereta linanguruma nje na shuka jeupe limetandazwa ukutani. Watu walikaa chini hadi mlangoni, waliochelewa wakasimama. Mzee Ng'wandu alikuwa mbele kwenye kiti chake. Mimi na Jeni tulijibanza nyuma. Walicheka tangu mwanzo: walikicheka kiwanda chenye jina la sabuni, walimcheka kuku mmoja aliyepita nyuma ya kanisa na Maduhu hakumwona, walimcheka kenge alipojikwaa. Jeni alikuwa amefumba macho. Kisha yakatokea mawe ya Sola, na ghala likanyamaza. Maduhu hakuwa amezima kamera siku ile. Picha inatikisika, mara mbingu, mara mabua, halafu wanaume wanakuja, nao ndio wale wale waliokuwa wamekaa pale. Wakajiona wanavyotisha. Wakamwona mwanamke mwenye kiatu kimoja ametanua mikono, wakaisikia sauti yake ikikatika. Hakuna aliyecheka. Kenge akavua kichwa, akapiga magoti.

"Mwangaluka, baba," nikasema ukutani.

"Mwangaluka, mayu," Mzee Ng'wandu akaitikia kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti, akiujibu ukuta.

Watu wakamgeukia. Kisha mzee akasema, "Rudisha." Maduhu akarudisha. Safari hii kenge aliposalimia, ghala zima liliitikia, wanawake, wazee, na watoto waliokuwa wamekaa mbele.

Jeni alinishika mkono. "Wanasema nini?"

"Wanaitikia salamu."

"Ya nani?"

"Ya kenge."

Alitazama vichwa vile vyote vilivyogeukia shuka. Kisha akaniachia mkono, akapita katikati yao akiomba njia, akaenda hadi mbele, picha ya mkia wa kenge ikipita juu ya gauni lake. Akapiga magoti mbele ya mzee, vibaya, goti moja baada ya lingine, akasema kwa lafudhi yake ya pwani, "Mwangaluka."

Waliitikia hadi mabati yakalia. Nilimwona amepandisha mabega, kama mtu anayengoja kofi, na nilijua anangoja nini. Sasa angeombwa aimbe. Mzee Ng'wandu aliinama kidogo ili amwone vizuri.

"Mhola?" akauliza.

"Mhola," Jeni akasema.

"Umekula?"

Akasema bado. Kina mama waliokuwa chini wakaanza kusogea, huyu huku, yule kule, ili apate pa kukaa.